Hifadhidata kwenye kompyuta yako mwenyewe: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwa watu wa hapa mjini: wanafunzi wa informatiki, wenye depo za unga na mafuta, makarani wa shule, mama mmoja mwenye duka la dawa. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika ili anayeyahitaji usiku wa manane ayapate. Mifano mingi inatoka kwenye depo ya mama mdogo wangu iliyo komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Hiyo ndiyo hifadhidata ninayoijua kwa undani. Niliijenga, nikaipoteza, nikaijenga tena.

Hifadhidata ya uhusiano ni nini? Mbona Excel inanitosha?

Kama inakutosha kweli, baki nayo. Lakini jiulize kwanza kama inakutosha au umezoea tu usumbufu wake.

Siku moja mama mdogo aliniomba nimtafutie deni la Mama Mapasa. Ndani ya faili la Excel nikakuta "Mama Mapasa", "Maman Mapasa" na "Ma mapasa wa kisimani". Je, ni mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu, au ni watu watatu? Mtaani kwetu wanawake waliojifungua mapacha si mmoja, na wote tunawaita hivyo kwa heshima. Faili halikuweza kutujibu. Ilibidi mama mdogo aende kumuuliza mteja deni lake ni kiasi gani, na hilo ni jambo ambalo mwenye depo hapaswi kulifanya.

Katika hifadhidata ya uhusiano, ambayo wengine huiita kanzidata, kila mteja anaandikwa mara moja tu ndani ya jedwali la wateja na kupewa namba yake. Jedwali la mauzo halirudii jina lake, linabeba namba ile. Ukitaka kujua nani kachukua nini, mashine inaunganisha majedwali mawili kwa namba hiyo. Mama Mapasa wa namba 14 na Mama Mapasa wa namba 52 hawawezi kuchanganywa, hata majina yao yakifanana herufi kwa herufi.

Wazo hili lilichapishwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California. Kabla yake, aliyetaka habari kutoka kwenye mashine alilazimika kujua njia ya kuzifikia humo ndani zilikohifadhiwa. Codd alisema mtu aseme anachotaka, njia ya kukipata iwe kazi ya mashine. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kusemea hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Ukijifunza SQL leo unajifunza kitu kilichodumu miaka hamsini, na ndiyo sababu nawahimiza vijana waanze nayo kabla ya mambo mengine yote.

Kuna SQLite, MySQL, MariaDB, PostgreSQL. Nichukue ipi?

SQLite ndiyo ndogo kuliko zote. Haina seva, hifadhidata nzima ni faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi. Iliandikwa na Richard Hipp mwaka 2000, ni ya bure kabisa, na hivi sasa imo ndani ya simu yako hata kama hujawahi kuisikia. Kama wewe ni mtu mmoja, kompyuta moja, inatosha. Ila ina tabia mbili unazopaswa kuzijua mapema. Kwanza, hailindi uhusiano kati ya majedwali mpaka uiamuru kwa `PRAGMA foreign_keys = ON;` kila unapoifungua. Pili, ukiweka neno kwenye safuwima ya namba, italipokea bila kulalamika, isipokuwa umeunda jedwali lako kwa kuongeza neno `STRICT` mwishoni, jambo linalowezekana tangu toleo la 3.37.

MySQL ilianza 1995. Ilipoingia mikononi mwa Oracle mwaka 2010 kwa njia ya kununuliwa kwa Sun, kampuni iliyokuwa ikiimiliki, baadhi ya waanzilishi wake walikuwa wamekwisha anza kuiendeleza pembeni kwa jina la MariaDB. Majina yote mawili yanatokana na mabinti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi hao: My na Maria. Kama unatengeneza tovuti kwa PHP, utakutana nazo tu.

Mimi natumia PostgreSQL, na maelezo mengine ya ukurasa huu yanaihusu hiyo. Mizizi yake iko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Michael Stonebraker aliianza mwaka 1986. Naipenda kwa sababu ni kali. Tarehe isiyokuwepo inaikataa, mauzo ya mteja asiyekuwepo inayakataa. Kwenye hesabu za watu nataka ukali huo.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM ni GB 4. Itaweza?

Itaweza. PostgreSQL ikisakinishwa bila kubadilishwa kitu hujitengea kumbukumbu ya MB 128 kwa kazi zake kuu. Depo yenye mauzo mia kwa siku itachukua miaka mingi kabla ya kuchosha mashine hiyo. Kitakachokusumbua ni pgAdmin, ile programu ya madirisha ya kuisimamia, kwa kuwa ni nzito kuifungua. Jifunze psql, dirisha jeusi la kuandikia amri, na mashine yako itapumua.

Kama una fedha kidogo ya kuongeza, nunua SSD, ile diski ya kasi, kabla ya RAM.

Mega zangu ni chache. Lazima niwe na intaneti?

Unaihitaji mara moja tu, kupakua kisakinishi. Kile cha PostgreSQL kwa Windows kinapita MB 300, kwa hiyo kipakue usiku wakati mega ni rahisi, au mahali penye Wi-Fi, kisha kiweke kwenye flashi uwagawie wenzako. Kinafanya kazi bila intaneti. Zana za SQLite hazifiki hata MB 10. Baada ya hapo hifadhidata inaishi ndani ya kompyuta yako, na hata mtandao ukikatika wiki nzima unaendelea kuuza na kuandika.

Kipakue kwa kupitia tovuti ya postgresql.org yenyewe, au kwa rafiki unayejua kakitoa huko. Kisakinishi kilichozungushwa kwenye flashi kumi za cyber hufika na virusi vyake.

Nisakinishe vipi kwenye Windows?

Bonyeza kisakinishi kwa kitufe cha kulia, uchague kukifungua kama msimamizi. Kitakuuliza mambo machache. Folda, iache ilivyo. Vipande vya kusakinisha, acha seva, pgAdmin na zana za amri, uondoe alama kwenye Stack Builder, maana hiyo hutaka intaneti na wewe huihitaji. Folda ya data, iache, ila andika kwenye karatasi iko wapi. Kisha neno la siri la mtumiaji mkuu anayeitwa `postgres`. Hapa simama kidogo. Liandike mahali salama kabla ya kulibonyeza, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanaokuja kwangu wamekwama hapo. Mlango (port) ni 5432, uache hivyo.

Kikimaliza, fungua "SQL Shell (psql)" kwenye menyu. Bonyeza Enter kwa kila swali mpaka lifike neno la siri, uliandike, uone mstari unaoanza na `postgres=#`. Umefika. Sasa:

```
CREATE ROLE muuzaji LOGIN PASSWORD 'weka_neno_lako';
CREATE DATABASE depo OWNER muuzaji;
\c depo muuzaji
```

Kwa kazi za kila siku ingia kama `muuzaji`, si kama `postgres`. Mtumiaji mkuu anaweza kufuta kila kitu, na usiku ukiwa umechoka vidole hukosea.

Kama ukijaribu kuandika `psql` kwenye dirisha la kawaida la amri Windows ikakujibu "n'est pas reconnu en tant que commande interne ou externe", hujaharibu kitu. Windows haijui tu programu iko wapi. Ongeza `C:\Program Files\PostgreSQL\17\bin` kwenye kigeu cha Path, orodha ya mahali Windows inapotafutia programu (badala ya 17 weka namba ya toleo lako), funga dirisha, fungua jipya.

Na kwenye Linux?

Kwa Ubuntu au Debian: `sudo apt install postgresql`, kisha `sudo -u postgres psql`. Basi.

Naandika neno la siri, skrini haionyeshi kitu, halafu inanikataa.

Kutoonyesha kitu ni kawaida, psql haichori hata nyota. Kukataliwa mara nyingi kunatoka kwenye kibodi. Kompyuta nyingi zetu zina kibodi za AZERTY, lakini Windows hujigeuza kwenda mpangilio wa Kiingereza bila kukuambia, na hapo A inakuwa Q, Z inakuwa W, M inahama, na tarakimu hazitaki tena Shift. Fungua Notepad, andika neno lako la siri humo uone linavyotoka. Kwa kompyuta inayoguswa na watu wengi, mimi huchagua neno refu lisilo na herufi hizo wala tarakimu.

Mkwaju wa nyuma `\` unaotumika sana kwenye psql, kwa AZERTY ya Kifaransa uko AltGr na 8. Kwa ile ya Kibelgiji uko AltGr na kitufe chenye alama za `<` na `>`.

Kama umelisahau kabisa, fungua faili la `pg_hba.conf` lililo ndani ya folda ya data, ukiwa msimamizi. Kwenye mistari ya `127.0.0.1/32` na `::1/128` badilisha `scram-sha-256` iwe `trust`. Ingia kwenye Services za Windows, iwashe upya huduma inayoanza na `postgresql-x64`. Sasa psql itakuingiza bila kuuliza; andika `ALTER USER postgres PASSWORD 'jipya';`. Halafu, na hili ndilo watu huliacha, rudisha `scram-sha-256` na uiwashe huduma tena. Ukiliacha `trust`, yeyote anayeketi kwenye kompyuta hiyo ni mtumiaji mkuu.

Naandika amri, Enter, na hakuna kinachotokea.

Tazama alama mwanzoni mwa mstari. Kama imegeuka kutoka `depo=>` kuwa `depo->`, mashine inangoja nukta-mkato `;`. Iandike, bonyeza Enter. Ikiwa alama ni `depo'>`, umefungua nukta ya juu (`'`) hukuifunga.

Nianze na majedwali gani?

Usianze kwenye kompyuta. Chukua karatasi, andika vitu ambavyo depo yako inavihesabu: wateja, mauzo, malipo. Kila kitu kinachoweza kuongezeka peke yake ni jedwali. Haya ndiyo ya mama mdogo, nikiyapunguza kidogo:

```
CREATE TABLE wateja (
  id_mteja integer GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  jina     text NOT NULL,
  simu     text,
  mtaa     text
);

CREATE TABLE mauzo (
  id_uzo   integer GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  id_mteja integer NOT NULL REFERENCES wateja,
  tarehe   date NOT NULL DEFAULT current_date,
  bidhaa   text NOT NULL,
  idadi    numeric(10,2) NOT NULL CHECK (idadi > 0),
  bei      numeric(14,2) NOT NULL CHECK (bei >= 0),
  sarafu   char(3) NOT NULL CHECK (sarafu IN ('CDF','USD'))
);

CREATE TABLE malipo (
  id_lipo     integer GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  id_mteja    integer NOT NULL REFERENCES wateja,
  tarehe      date NOT NULL DEFAULT current_date,
  kiasi       numeric(14,2) NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  sarafu      char(3) NOT NULL CHECK (sarafu IN ('CDF','USD')),
  kiwango     numeric(10,2),
  makato      numeric(14,2) NOT NULL,
  sarafu_deni char(3) NOT NULL CHECK (sarafu_deni IN ('CDF','USD'))
);
```

`PRIMARY KEY` ni ufunguo mkuu, ile namba ya mteja isiyorudiwa. `REFERENCES` ni ufunguo wa nje: inakataza kuandika mauzo ya mteja asiyekuwepo, na inakataza kumfuta mteja ambaye bado ana mauzo. Simu ni `text`, si namba, kwa sababu namba hupoteza sifuri ya mwanzo.

Bei iko ndani ya mauzo kwa makusudi. Wanafunzi wangu wazuri huiweka kwenye jedwali la bidhaa, wakisema jambo moja liandikwe mahali pamoja. Ni kweli, lakini bei ya leo na bei aliyouziwa mteja mwezi uliopita ni mambo mawili tofauti. Unga ukipanda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ukibadilisha bei kwenye jedwali la bidhaa, madeni yote ya zamani yatapanda pamoja nayo, na hutaweza kumtazama mteja usoni.

Tunauza kwa faranga na kwa dola. Niweke vipi fedha?

Hili ndilo swali lenye kina kuliko yote, na vitabu vya nje havilijibu, kwa kuwa nchi nyingi zinatumia sarafu moja.

Usitumie `float` wala `real` kwa fedha. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa njia ya kukaribia, ndiyo maana 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hutoa 0.30000000000000004. Tumia `numeric`, ambayo huhesabu kama unavyohesabu kwa kalamu.

Kila kiasi kiandamane na sarafu yake kwenye mstari huo huo. Usifanye jedwali la dola na jedwali la faranga. Wala usigeuze kila kitu kiwe dola wakati wa kuandika, maana ukifanya hivyo umefuta kilichotokea kweli dukani na kukiandikia hesabu yako.

Tatizo linakuja deni likiwa la dola na mtu akalipa kwa faranga. Hapo ndipo safuwima za malipo zinapofanya kazi: `kiasi` na `sarafu` ni noti alizokupa mkononi, `kiwango` ni faranga ngapi kwa dola mliyokubaliana siku ile, `makato` na `sarafu_deni` ni kilichopungua kwenye deni. Miezi mitatu baadaye kiwango kikiwa kimebadilika na mteja akasema "nilimaliza kulipa", unamsomea mstari mzima. Mama mdogo aliniambia kwamba tangu tulipoanza kuandika kiwango cha siku, hajagombana na mteja hata mmoja juu ya salio. Kwangu mimi safuwima hiyo moja ina thamani kuliko kazi nyingine yote niliyoifanya pale.

Nikiandika "nyama ya ng'ombe" inaleta kosa.

Nukta ya juu ndiyo SQL inayofungia maneno. Ukitaka iwe sehemu ya neno, iandike mara mbili: `'nyama ya ng''ombe'`, `'huile d''arachide'`. Si alama ya nukuu mbili, ni nukta ya juu mara mbili.

Na herufi za Kifaransa? "Félicité" inatoka vibaya.

Windows ya Kifaransa ina tabia ya kutumia usimbaji mmoja wa herufi kwenye dirisha jeusi, namba 850, na mwingine kwenye programu nyingine, 1252. psql yenyewe hukuonya ikiona hivyo. Kabla ya kuifungua, andika `chcp 1252`. Hifadhidata yenyewe iwe UTF8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. Angalia kwa `\l`.

Nina miaka mitatu ya mauzo kwenye Excel. Nitayaingizaje?

Yahifadhi kwa umbo la CSV, kisha uyatazame kwa Notepad kabla ya kufanya lolote. Excel ya Kifaransa hutenganisha safuwima kwa nukta-mkato, si kwa mkato. Kwa hiyo, kwenye mstari mmoja:

```
\copy wateja(jina,simu,mtaa) FROM 'C:/data/wateja.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER, DELIMITER ';', ENCODING 'WIN1252')
```

Halafu desimali. Excel yetu imeandika 12,50 na PostgreSQL inataka 12.50, itakataa. Usirekebishe kwa mkono mistari elfu mbili. Unda jedwali la muda ambalo kila safuwima ni `text`, mwaga kila kitu humo, kisha hamisha ukisafisha: `replace(bei, ',', '.')::numeric`. Tarehe pia, 03/04/2025 inaweza kusomwa kama mwezi wa tatu; andika kwanza `SET datestyle = 'ISO, DMY';`.

Sifuri za mwanzo za simu pengine Excel ilishazimeza. Namba zetu za ndani zina tarakimu kumi, kwa hiyo zenye tisa ndizo zilizopoteza sifuri.

Majina yaliyorudiwa hakuna amri itakayokusafishia. Keti na mwenye depo, msome jina kwa jina. Sisi tulitumia Jumapili mbili.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kila kitu kinaharibika?

Hapana, na hapa ndipo PostgreSQL inapolishinda faili la Excel kwa mbali. Kabla ya kukuambia kwamba muamala umekamilika, huuandika kwanza kwenye kitabu chake cha kumbukumbu na kuhakikisha umefika kwenye diski yenyewe. Delestaji ikija, mashine ikiwaka tena huduma inasoma kitabu kile na kukamilisha yaliyokubaliwa. Yale ambayo hayakufika mwisho yanafutwa yote, hayabaki nusu.

Itumie tabia hiyo. Mauzo na malipo ya mteja mmoja yakifanyika pamoja, yafunge pamoja: `BEGIN;` kisha amri zako, kisha `COMMIT;`. Yataingia yote au hayataingia kabisa.

Mambo mawili usiyaguse. Kuna mipangilio inaitwa `fsync`, ndiyo inayolazimisha maandishi yafike kwenye diski. Mtu akikuambia uiweke `off` ili mashine iende kasi, kataa, kwa sababu umeme wetu ndio huu. Pili, folda ya `pg_wal`. Ndicho kile kitabu cha kumbukumbu. Zamani iliitwa `pg_xlog`, na watu waliokosa nafasi kwenye diski walikuwa wakiifuta wakidhani ni takataka. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017 ikabadilishwa jina.

Wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, radi za Katanga ni hatari kubwa kuliko kukatika kwa umeme. Ukisikia ngurumo, chomoa waya ukutani. Laptopu itaendelea kwa betri.

Nakala ya akiba niifanyeje?

Niliwahi kuwa na nakala ya akiba kila siku, vizuri kabisa, ndani ya folda ya pili ya diski ile ile. Radi ilipoiunguza kompyuta, ilichukua hifadhidata na akiba yake pamoja. Tulipoteza miezi minne, na kilichotuokoa ni daftari la mama mdogo.

Kwa hiyo:

```
pg_dump -U postgres -F c -f E:\akiba\depo_2025-11-08.dump depo
```

E hapo ni flashi. Badilisha tarehe kila mara, usiandike juu ya ile ya jana, maana kosa la leo litaifuta nakala nzuri. Kuwa na flashi mbili, moja ilale nyumba nyingine. Usinakili folda ya data huku huduma ikiwa inaendesha. Nakala hiyo inaonekana nzima lakini huenda isifunguke. Kwa SQLite tumia amri yake ya `.backup`.

Na uijaribu. Angalau mara moja kwa mwezi:

```
createdb -U postgres depo_jaribio
pg_restore -U postgres -d depo_jaribio E:\akiba\depo_2025-11-08.dump
```

Ingia, hesabu wateja, linganisha na hifadhidata halisi, kisha `dropdb -U postgres depo_jaribio`. Nakala ambayo hujaifungua hata mara moja usiitegemee. Flashi hizo zina majina ya watu na madeni yao, kwa hiyo zitunze kama unavyotunza fedha.

Nimeunganisha mauzo na malipo, madeni yametoka makubwa ajabu.

Karibu kila mtu hupitia hapa. Mteja akiwa na mauzo matatu na malipo mawili, ukiyaunganisha moja kwa moja unapata mistari sita: kila uzo limehesabiwa mara mbili, kila lipo mara tatu. Jumlisha kila upande peke yake kwanza:

```
WITH u AS (
  SELECT id_mteja, sarafu, sum(idadi * bei) AS jumla
  FROM mauzo GROUP BY id_mteja, sarafu
), l AS (
  SELECT id_mteja, sarafu_deni AS sarafu, sum(makato) AS jumla
  FROM malipo GROUP BY id_mteja, sarafu_deni
)
SELECT w.id_mteja, w.jina, u.sarafu,
       u.jumla - coalesce(l.jumla, 0) AS deni
FROM u
JOIN wateja w ON w.id_mteja = u.id_mteja
LEFT JOIN l ON l.id_mteja = u.id_mteja AND l.sarafu = u.sarafu
WHERE u.jumla - coalesce(l.jumla, 0) > 0
ORDER BY u.sarafu, deni DESC;
```

`LEFT JOIN` ni kwa ajili ya yule ambaye hajalipa hata kidogo. Bila hiyo angetoweka kwenye orodha, na yeye ndiye unayemtafuta. `coalesce` inageuza utupu kuwa sifuri.

Watu wawili wanaweza kuandika kwa wakati mmoja?

Ndiyo, kwa kompyuta mbili kwenye Wi-Fi moja. Inabidi kukagua `listen_addresses`, yaani anwani ambazo seva inasikiliza, na kugusa `pg_hba.conf`. Usiruhusu anwani zote za dunia, ruhusu zile za nyumba yako tu, na kila mtu awe na jina na neno lake la siri. Ila kwanza zoea kutumia peke yako kwa miezi miwili.

Toleo jipya likitoka, nisakinishe juu ya la zamani?

Toleo jipya kubwa hutoka kila mwaka. La 17 lilitoka Septemba 2024, la 18 Septemba 2025, na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano. Huna haraka. Siku ukihama, fanya `pg_dump` kwanza, sakinisha jipya pembeni, rudisha data ndani yake. Toleo jipya haliwezi kusoma folda ya data ya zamani moja kwa moja.

Sasa daftari tulitupe?

Hapana. Kwa miezi miwili ya mwanzo andikeni pande zote mbili, na kila jioni mlinganishe jumla ya faranga na jumla ya dola. Zikitofautiana, msilale mpaka mjue ni kwa nini. Kwetu, mara nyingi kosa lilikuwa langu: sifuri moja imezidi, au `USD` mahali pa `CDF`. Mama mdogo bado anaandika kwa kalamu mchana, wateja wakiwa wamesimama mbele yake, na Jumamosi jioni ananisomea mstari kwa mstari huku nikiingiza. Akifika kwa Mama Mapasa husema kwanza namba, kisha jina.